Jinsi Tulivyomheshimu Mwenyekiti

Nilitoka chumbani kwangu Mkuyuni asubuhi, mkoba begani, bila kujua naelekea wapi. Nilichojua ni kwamba nikibaki ndani nitashika simu, na nikishika simu nitaandika neno ambalo mwenyekiti angelipiga picha na kuwaonyesha watu: mnaona, si nilisema. Kwa hiyo nikafunga mlango, nikampa mama mwenye nyumba ufunguo.

"Unarudi lini?"

"Sijui, mama."

"Wewe kitu unachokijua ni kipi?" akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Kuhama hakunisumbui. Shule niliachia kidato cha pili, na tangu hapo nimeanika dagaa Igombe, nimesuka nywele karibu na stendi ya Nyegezi, nimeuza vocha, nimepikia mafundi wa barabara. Kila mahali nilikaa hadi nikajua kazi ile inavyokwenda, nani anamwogopa nani, kitu gani kinafichwa wapi, kisha nikaichoka. Kitu kimoja tu sikuwahi kukichoka, na ndicho kilichonitoa ndani asubuhi ile: klabu yetu ya mchezo wa simu.

Mchezo wenyewe ni wa vita. Kila klabu ina ngome, na kila Jumamosi saa kumi jioni ngome mbili zinapambanishwa. Mwanachama akiingia, bendera yake inasimama ukutani na yeye analinda kipande chake. Asipoingia, kipande chake kinabaki tundu, na adui anapita palepale. Kupigana ni rahisi, hata mtoto ataweza. Kazi iko kwenye kuwapata watu. Tulikuwa hamsini, tumetawanyika kuanzia Nyegezi hadi visiwani, kila mtu na shughuli zake, bando lake limeisha, mtoto wake anaumwa, mapenzi yake na mchezo yamepoa. Klabu nyingi hufa hivyo. Hazishindwi na mtu. Watu hunyamaza mmoja mmoja, hadi siku moja unakuta ukuta mtupu.

Mimi ndiye niliyekuwa naziba matundu.

Mwenyekiti, aliyeianzisha klabu, alikuwa na njia zake. Aliandika matangazo marefu yenye nyota kila upande. Aligawa vyeo. Alitangaza mwanachama bora wa mwezi. Watu walishukuru, wakaendelea kulala. Mimi nilikuwa na njia moja tu, na sikuibuni, niliikuta kwetu. Kila mgeni alipoingia nilimuuliza kwao wapi, ukoo gani, anafanya kazi gani, anakula nini. Halafu nikamtafutia mtani humo humo ndani. Mla dagaa nikampa mfuga ng'ombe. Fundi nikampa mpiga debe. Nikawaambia sharti ni moja: mtani wako akinyamaza, kazi ya kumwamsha ni yako, na dawa ni kumsema hadi aje kujibu.

Fundi wa kuchomelea wa pale Mkuyuni aliwahi kupotea baada ya kuoa. Mtani wake, mpiga debe wa Nyegezi, akaandika kwenye grupu mchana watu wakiwa wanakula: "Jamani, fundi amechomelewa kitandani na mkewe. Mwenye grainda atusaidie kumkata." Fundi alijibu kabla wali haujapoa, na Jumamosi ile alikuwa wa kwanza ukutani. Mama mmoja wa Magu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, nilimpa mvuvi wa Kisorya. Hawakuwahi kuonana. Mvuvi kila asubuhi alimuuliza kama leo anauza mchele au bado anauza chenga. Mama anamjibu kwamba samaki wa Kisorya wanamjua mvuvi kwa sura, wakiuona mtumbwi wake wanampisha kwa heshima kama msafara wa mkubwa. Watu arobaini na zaidi waliamka wakifungua simu kuona leo nani kasemwa. Mtu hatoki mahali ambapo kuna jibu lake linasubiriwa.

Hivyo ndivyo tulivyopanda daraja hadi tukafika pambano la kanda nzima ya ziwa. Mshindi angekwenda Dar. Kushindwa kwenyewe hakukuwa na neno, ila kulikuwa na sheria moja: klabu itakayoleta chini ya nusu ya watu wake siku hiyo inatupwa daraja la mwisho, bendera yake inafutwa, inaanza upya kama haijawahi kuwepo. Mwenyekiti alikuwa amewatangazia hadi wakubwa wa ofisini kwake. Wangekaa ukumbini, kwenye kioo kikubwa, waone kijana wao anavyoongoza watu.

Sasa nieleze alichonifanyia.

Mwenyekiti alikuwa mtani wangu, na huyu sikupangiwa na mtu. Ukoo wao na wetu ni watani wa tangu zamani. Mababu waligombania malisho, wakachinjiana ng'ombe, wakachoka, wakala kiapo kwamba wajukuu zao watapigana kwa mdomo tu. Kijiji cha baba yake na cha bibi yangu vinapakana huko upande wa Misungwi. Yeye alikulia Dar, akasoma hadi chuo, akaja Mwanza kwa kazi ya ofisi. Nilipomwambia sisi ni watani alinitumia kikaragosi kinachocheka machozi. Nikadhani ameelewa.

Baba yake alipofariki, dada wa marehemu ndiye aliyenipigia simu.

"Mtani, mnataka tuoze na maiti ndani? Kaburi limechimbwa, wa kutuzuia hayupo."

"Nakuja, shangazi. Kuku yupo?"

"Kuku yupo. Mbishi kama marehemu."

Nikaenda. Wazee wa kwetu walikuwa wachache na miguu yao imechoka, kazi ikaniangukia mimi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenivisha koti la marehemu na kunipa fimbo yake. Marehemu alijulikana kijiji kizima kwa jambo moja: kuuliza bei ya kila kitu na kutokununua. Basi nikapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wake, bega moja chini, nikikohoa.

"Turubai hili bei gani? Ghali. Na viti hivi, vya kukodi? Nani kakubali bei hiyo?" Nikafika kwenye jeneza, nikaligonga kwa fimbo. "Hili je? Mmepigwa. Nirudisheni nyumbani, mimi hela hiyo sitoi."

Wazee walicheka hadi mmoja akashikwa begani asianguke. Mjane alicheka, na ndani ya kicheko kile akapata kulia vizuri, kwa sababu tangu juzi alikuwa kimya na watu walianza kumwogopea. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Kisha nikakaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, nikasema hazikwi mtu hapa hadi nilipwe kuku.

Mwenyekiti alikuwa amesimama na watu wa ofisini kwake, wamevaa suti nyeusi kwenye jua lile. Bosi wake ametoa macho. Mwenyekiti akanijia.

"Nani kamwalika huyu mwendawazimu?"

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "huyu ndiye anayemtoa baba yako. Mpe kuku, azikwe."

Hakutoa. Aligeuka akaenda kusimama na bosi. Kuku nilipewa na shangazi, macho ameyainamisha. Kwa mila yetu kuku wa mtani hutolewa na mtoto wa kiume wa marehemu. Akitoa mtu mwingine wakati mtoto yupo, watu hulitaja miaka na miaka.

Ningemsamehe. Msiba huchanganya kichwa. Lakini siku chache baadaye, napiga mswaki, nikakuta tangazo lake kwenye grupu. Aliandika kwamba kuna mwanachama aliyefika kwenye msiba wa familia yake katika hali isiyo ya kawaida na kumdhalilisha marehemu mbele ya wageni. Kwamba ameondolewa. Kwamba kuanzia sasa utani, kejeli na majina ya kupachikana ni marufuku, atakayerudia naye ataondolewa palepale, na klabu itajengwa juu ya heshima. Sikumaliza kusoma mara ya pili, akanitoa.

Hali isiyo ya kawaida. Kila mtu anajua maneno hayo yana maana gani. Mimi pombe siinywi, na kwa watu arobaini na tisa nilikuwa nimegeuka mlevi aliyefanya vurugu kaburini. Nilitaka mtu huyu aanguke. Sikutaka apigwe wala apoteze kazi. Nilitaka Jumamosi saa kumi asimame ukutani peke yake, wakubwa zake wakimtazama. Nilitaka hivyo kama mtu anavyotaka maji.

Ila nilipotoka na mkoba wangu sikuwa na njia ya kulifanya. Nilitembea tu, na miguu ikanipeleka kibandani kwa fundi wa kuchomelea. Alikuwa anapiga rangi geti. Aliponiona alivua miwani yake myeusi.

"Mlevi wa makaburini," akasema. "Karibu."

"Umeamini?"

"Niamini nini? Wewe soda yenyewe unaipepea kwanza gesi itoke. Kaa hapo, usiguse geti, bichi."

Akanionyesha simu yake. Chini ya tangazo la mwenyekiti alikuwa amejibu: "Sawa mwenyekiti. Tumepokea. Asante kwa mwongozo wako." Nikamtazama. Huyu mtu hajawahi kumwambia yeyote sawa. Mteja akimwambia geti limepinda, anamwambia ukuta ndio umepinda.

"Wewe ndiye uliyeandika hivi?"

"Ndiyo mimi. Si amesema heshima?"

"Na Jumamosi unaingia?"

Akachovya brashi. "Niingie nikafanye nini? Mtu nikishamheshimu hivyo, tumemalizana. Mimi ninayeingia kumpigania ni yule ninayeweza kumwambia ana kichwa kama tangi."

Nikaanza kucheka, fundi akanitazama kwa wasiwasi kama kweli nimekunywa. Silaha alikuwa ameniwekea mkononi. Kwetu, mtani akianza kukusemesha kwa adabu, ujue kakufuta. Matusi ya mtani ni mlango wazi, adabu ndiyo kufuli. Mwenyekiti ameomba heshima. Tumpe. Tumpe hadi imtoke puani.

"Mwambie mtani wako wa Nyegezi," nikasema. "Naye amwambie wake. Asitoke mtu kwenye grupu, asibishe mtu. Kila atakachoandika mwenyekiti, jibu liwe sawa mwenyekiti, tumepokea mwenyekiti, tupo pamoja mwenyekiti. Jumamosi asiingie mtu."

"Hata mmoja?"

"Aingie yeye na heshima yake."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali, akachukua simu. "Wewe mwanamke ni mbaya," akasema, na nilimwona amefurahi. "Sasa unakwenda wapi na mkoba?"

Hapo ndipo nikajua. Wengi wangeelewa kwa simu. Lakini walikuwepo wawili ambao kwa simu wasingenisikiliza, mama wa Magu na mvuvi wa Kisorya, na hao ndio walikuwa nguzo za ukuta. Ilibidi wanione uso, wauone kwamba si wa mlevi. Nikaenda zangu Buzuruga, nikapata lori dogo linalorudi Magu na magunia matupu. Dereva alitaka mtu wa kuongea naye asisinzie. Kufika Kisesa alikuwa ameshanieleza jinsi ya kujua mpunga ulioloweshwa ili uzidi uzito, nami nilikuwa nimemuuliza maswali hadi akasema, "Dada, sasa naona ni afadhali kusinzia."

Mama wa Magu nilimkuta kwenye mashine, mweupe kwa pumba hadi kope. Nilipomwambia mimi ni nani alizima mashine, akanishika mabega, akaninusa mdomo mbele ya wateja wake.

"Hakuna kitu," akawaambia. "Huyu ananuka karanga tu." Kisha akawasha mashine tena.

Nililala kwake. Kesho yake nilimsaidia kushona magunia, na hakuniuliza nimefuata nini hadi tulipokaa kula. Nikamweleza yote: koti, kuku, tangazo, na mpango. Alisikiliza akitoa mawe kwenye maharage yaliyokuwa yameshapikwa, tabia ya ajabu.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, mama?"

"Mimi nitaingia. Amekukosea, nimekubali, na amemkosea baba yake zaidi. Lakini mume wangu yuko Geita machimboni, anarudi akitaka. Wanangu wako shule. Mimi hapa naongea na mashine. Yule mpumbavu wa Kisorya akinisema asubuhi, siku yangu inakwenda. Wewe unataka uue klabu ili umkomeshe mtu mmoja. Unachoma ghala kwa sababu ya panya."

"Panya ameniita mlevi mbele ya watu."

"Nimesikia. Nami nakwambia nitaingia. Ongeza mboga."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba klabu ile imekufa tangu tangazo lile, kwamba mvuvi hatamsema tena kwa kuwa imekatazwa, na yeye akiingia atamlinda mtu aliyewakataza wasiongee. Akamaliza kula. Nikapanga vyombo. Nilijua kwamba kama kuna mtu anayeweza kuniharibia ni huyu, kwa sababu akiingia yeye, mvuvi hataweza kukaa nje amwangalie mtani wake akipigwa peke yake. Nilikuwa nimewafunga mimi mwenyewe wale wawili, na fundo nililolifunga lilikuwa zuri.

Jumamosi asubuhi alinipa mchele kwenye mfuko mweusi nimpelekee mvuvi. "Mwambie ahesabu chenga," akasema. Nikapanda basi hadi Bunda, nikapata gari jingine la kwenda Kisorya, barabara inayoshuka kuelekea ziwani na kuishia kwenye kivuko. Sikuwahi kufika huko. Njia nzima nilisoma grupu kupitia picha alizonitumia fundi. Mwenyekiti alikuwa ameandika tangu alfajiri.

"Mashujaa, leo ndiyo leo. Saa kumi kamili. Nani yupo tayari?"

"Tupo pamoja mwenyekiti."

"Tumepokea mwenyekiti."

"Asante kwa kutukumbusha mwenyekiti. Mungu akubariki."

Zilishuka hivyo hivyo, nzuri, safi, kama maua ya kaburini. Yeye akajibu kwa mikono ya kushukuru. Aliandika kwamba hajawahi kuona nidhamu ya namna hii tangu klabu ianzishwe. Niliposoma hilo niliweka simu mapajani, nikatazama nje, nikaona raha ambayo sitaificha.

Mvuvi nilimkuta nyuma ya chanja za dagaa, amejibanza. Nilidhani anamkimbia mtu anayemdai. Kumbe mama yake ni Msabato, na Jumamosi hataki kuona simu ya mchezo mkononi mwa mwanawe hadi jua lizame. Wiki zote zile alikuwa akitupigania akiwa mafichoni, harufu ya dagaa puani. Nikampa mchele. Akaufungua, akachota, akautazama kwenye mwanga.

"Chenga," akasema kwa furaha. "Nilijua."

Nilimweleza. Alikuwa na habari nusu kutoka kwa wengine. Alisema yupo upande wangu, hataingia. Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, simu yake katikati yetu. Mchezo unamruhusu mtu wa nje kutazama, kwa hiyo tulitazama.

Saa kumi ilipofika ukuta wetu ulikuwa mweupe. Hakuna bendera. Kisha ikasimama moja, ya mwenyekiti, juu ya lango. Upande wa pili wapinzani walikuwa wamejaa kama kumbikumbi. Dakika chache, tundu baada ya tundu. Kwenye grupu mwenyekiti aliandika, "Watu wako wapi?" Fundi akamjibu, "Tupo pamoja mwenyekiti." Mpiga debe akasema, "Tunakuombea mwenyekiti." Niliwaza kioo kile kikubwa ukumbini, na suti zile.

Ndipo ikasimama bendera ya pili. Mama wa Magu. Alishika kona yake ya kaskazini, peke yake, akaanza kupigana kwa ubishi ule ule wa kutoa mawe kwenye maharage.

Mvuvi akasogea. Akasogea tena.

"Kaa," nikamwambia.

"Nimekaa." Kisha: "Dada, wanamzunguka kwa nyuma."

"Wamzunguke."

"Wewe utaondoka. Mimi huyu mama nitaishi naye. Kesho asubuhi atanisema hadi wajukuu zangu wasikie. Atasema nilijificha kwenye dagaa." Alikuwa ameshashika simu. "Samahani sana."

Akaingia. Ningeweza kumnyang'anya simu. Nilifikiria. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia mtoto akilia nyumba ya pili. Nikamwacha, moyo wangu ukiwa mchungu, kwa sababu nilijua kitakachofuata. Bendera yake ikasimama kona ya kaskazini, na mama akamwandikia kwenye grupu, mbele ya wote: "Umechelewa. Ulikuwa unawaaga samaki?"

"Nilikuwa nachambua mchele wako," mvuvi akajibu, "nimepata punje mbili nzima."

Na hapo klabu ikaamka. Niliiona ikiamka. Mpiga debe akaandika kicheko. Mtu wa Ukerewe ambaye hakuandika wiki nzima akauliza punje hizo zinauzwaje. Ukutani ikasimama bendera nyingine, kisha nyingine, na moja ilikuwa ya fundi wangu wa Mkuyuni, msaliti yule, bila haya. Kona ya kaskazini ikaacha kurudi nyuma. Nilikaa juu ya mtumbwi nikiitazama kazi yangu ya miaka miwili ikinila mwenyewe. Wangejaa nusu, walikuwa wanakuja. Alichotakiwa mwenyekiti kufanya ni kukaa kimya.

Akaandika: "Nilisema utani ni marufuku. Leo tunatazamwa na watu wa maana. Mnanidhalilisha tena."

Kisha akamtoa mama wa Magu. Kisha akamtoa mvuvi.

Anayetolewa kwenye klabu bendera yake inashuka palepale. Kona ya kaskazini ikabaki wazi, pana kama mlango wa kanisa. Mvuvi alibaki ameshika simu iliyokuwa imemrudisha mwanzo wa mchezo, mdomo wazi.

"Amenitoa," akasema. "Nampigania, ananitoa."

Wengine walipoona wakashuka wenyewe, mmoja mmoja. Fundi aliandika, "Sawa mwenyekiti. Tumepokea," na bendera yake ikazima. Wapinzani wakaingia kwa pale kaskazini bila kukimbia. Mwenyekiti alibaki juu ya lango peke yake hadi mwisho, na mwisho haukukawia. Kioo kikaandika kwamba klabu haikutimiza nusu ya watu wake. Bendera yetu, ambayo niliichagulia rangi, ikafutika.

Sikulia. Wapo watakaosema nilipaswa kusikitika, kwa kuwa niliilea. Nilisikitika kwa ajili ya mama wa Magu, dakika moja. Mengine yote yalikuwa matamu, na yalikuwa matamu zaidi kwa sababu lango alilifungua kwa mkono wake.

Mvuvi hakuweza kunipeleka kwa mama yake, angeulizwa tulikuwa tukifanya nini nyuma ya chanja. Akanielekeza kwa mama yake mkubwa, mwenye vyumba vichache vya wageni karibu na kivuko. Nilimkuta barazani, amevaa gauni la kanisani, miguu ameinyoosha kwenye mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mbali, miguu inasema."

"Natafuta chumba."

"Vyumba vipo. Lakini leo Sabato, bei sitaji wala hela sishiki. Kaa hapo. Jua likizama tutaongea."

Nikakaa kwenye benchi. Jua lilikuwa bado na kimo chake juu ya maji. Simu ikaita, nikaona ni mwenyekiti, nikaiacha. Ikaita tena.

"Pokea," mama akasema. "Huenda ni msiba."

Nikapokea.

"Umefurahi?" Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Kwa nini unaniamkia? Mimi na wewe rika moja."

"Umesema tuheshimiane."

"Dada, bosi wangu alikuwepo. Wote walikuwepo. Walinitazama kama..." Hakumaliza. "Mimi sikujua mambo ya kuku. Hakuna aliyeniambia."

"Shangazi yako alikwambia ukiwa umesimama mbele yangu. Wewe ulikuwa unamwangalia bosi."

Nyuma yake kulikuwa na sauti ya viti vinavyoburutwa, watu wanatoka ukumbini. Kisha akasema pole pole kwamba amefungua klabu nyingine, kwamba amenirudisha, kwamba atafuta maneno yale na kuwaeleza watu ukweli, na Jumapili ijayo yuko tayari kwenda Misungwi na kuku. Akaniomba nimwite jina lile nililokuwa nikimwita zamani, la kichwa chake. Alisema, "Nitukane basi."

Ningeweza. Lilikuwa ulimini.

"Nimepokea mwenyekiti," nikasema. "Asante kwa mwongozo wako." Nikakata, na kwenye hiyo klabu yake mpya nikajitoa kabla mtu hajaniona nimeingia.

Mama mwenye vyumba alikuwa akinitazama. "Huyo mwenyekiti wenu," akasema, "mnampenda sana, eh? Adabu gani hiyo."

"Sana, mama."

Kivuko kilirudi kutoka upande wa pili, watu wakashuka na baiskeli na mikungu ya ndizi. Jua likagusa maji, likazama. Mama akasubiri kidogo ili awe na hakika, kisha akainuka akishika magoti, akaingia ndani, akatoka na ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kandambili.

"Haya," akasema, "sasa tunaweza kugombana bei. Unalala siku ngapi?"

Nikamwambia sijui, ila anionyeshe kwanza chumba, na anieleze hao wenye ndizi wanazitoa wapi.